Kuzielewa Istilahi za Utafiti wa Chakula na Afya: Mfano wa Sumukuvu na Istilahi Jirani

Ikisiri

Makala hii inajadili namna istilahi za utafiti wa chakula na afya zinavyopaswa kusomwa, kufasiliwa na kufundishwa kwa Kiswahili, hususan nchini Uganda ambako lugha hii inazidi kuingia darasani ilhali matokeo ya utafiti bado huandikwa kwa Kiingereza. Mifano miwili mikuu imetumika: jina la ugonjwa wa kwashiorkor pamoja na mwenzake wa Kiganda, obwosi, na istilahi sumukuvu ambayo imeenea kutoka Tanzania. Makala inaonyesha kwamba istilahi iliyo wazi kimaumbo si lazima iwe wazi kidhana, na kwamba maneno ya kila siku kama vile hatari, kiwango, uhusiano na kundi hupotosha zaidi kuliko maneno mageni kwa sababu msomaji hudhani anayajua. Inapendekezwa kwamba kila istilahi ya fani hii ifasiliwe kwa kueleza kitu chenyewe ni nini, si nini, na kinapimwaje.

1.0 Utangulizi

Kilima cha Kyambogo, mashariki mwa jiji la Kampala kandokando ya barabara iendayo Jinja, kimebeba taasisi zinazohusika moja kwa moja na mada hii. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, kinafundisha Kiswahili na kinafundisha pia sayansi ya chakula. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala kiko kilimani humo humo. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa sayansi ya chakula hupanda kilima kimoja na hula posho na maharagwe ya chungu kimoja. Hata hivyo, wa pili akiulizwa aeleze kwa Kiswahili kilichomo ndani ya posho ile kwa mujibu wa vipimo vya maabara, aghalabu hukwama. Na wa kwanza akipewa ripoti ya maabara aifasiri, huyajua maneno bila kuzijua dhana.

Pengo hili halikuwa na uzito mkubwa wakati Kiswahili nchini Uganda kilipohesabiwa kuwa lugha ya kambi za jeshi na masoko ya mipakani. Hali imebadilika. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifanywe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inayotakiwa kuwa rasmi haiwezi kuishia katika salamu na fasihi. Itatakiwa kumweleza mkulima wa Iganga kwa nini mahindi yake yamekataliwa mpakani, na kumweleza mama aliyelazwa na mwanawe kwa nini mtoto aliyevimba miguu si mtoto aliyenenepa.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: ili istilahi ya utafiti wa chakula na afya ieleweke kwa Kiswahili, je, yatosha kupata neno la Kiswahili? Jibu litakalotetewa ni kwamba haitoshi, na kwamba mara nyingine neno zuri la Kiswahili ndilo linaloficha dhana.

2.0 Neno la Kawaida na Istilahi

Neno la kawaida hupata maana kutokana na matumizi ya watu wengi kwa muda mrefu. Istilahi hupata maana kutokana na fasili iliyokubaliwa na wanataaluma. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzawa wa lugha na bado asiielewe istilahi iliyoundwa kwa maneno ya lugha yake mwenyewe. Jambo hili si kasoro ya Kiswahili. Ndivyo ilivyo katika kila lugha inayotumiwa na sayansi.

Aidha, istilahi haisimami peke yake. Maana yake hukamilishwa na istilahi jirani. Tuchukue maneno manne: njaa, utapiamlo, ukondefu na kudumaa. Katika mazungumzo ya kawaida yote manne huelekea upande mmoja, yaani mtu asiyekula vya kutosha. Katika utafiti wa lishe kila moja lina mpaka wake. Njaa ni hisia ya mwili au hali ya kukosa chakula. Utapiamlo ni lishe isiyo sawa, na kwa hiyo unajumuisha pia unene uliokithiri, jambo linalowashangaza wasomaji wengi. Ukondefu hupimwa kwa kulinganisha uzito wa mtoto na kimo chake. Kudumaa hupimwa kwa kulinganisha kimo na umri. Mtoto anaweza kudumaa bila kukonda, na anaweza kushiba kila siku kwa matoke au muhogo mtupu huku akidumaa. Mwalimu anayefasili kudumaa kuwa "kuwa mfupi" amelitaja tokeo na kukiacha kipimo. Na bila kipimo dhana yenyewe haipo.

3.0 Jina Lililotoka kwa Akina Mama: Kwashiorkor na Obwosi

Mfano wa kwanza unatoka katika historia ya tiba, na Kampala imo ndani yake. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Pwani ya Dhahabu, nchi inayoitwa Ghana leo, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa wa watoto uliojulikana kwa Kiga kama kwashiorkor. Hakubuni jina la Kilatini wala la Kigiriki. Alilichukua jina walilolitumia akina mama wenyewe, ambalo lilihusu ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa.

Nchini Uganda, daktari Hugh Trowell wa Mulago alikutana na watoto wa namna hiyo hiyo, na mwanzoni aliudhani ugonjwa huo kuwa aina ya pelagra. Baadaye, mwaka 1954, yeye pamoja na Davies na Dean walichapisha kitabu kizima juu yake kikiwa na jina hilo la Kiga. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, ambalo vilevile lilihusishwa na mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine. Lugha mbili zilizo mbali kabisa, moja ya pwani ya Afrika Magharibi na nyingine ya ukingo wa Ziwa Viktoria, ziliutambua ugonjwa kwa njia moja: kwa kutazama ni nani anayeupata na ni lini.

Hapa pana somo muhimu la kiistilahi. Majina haya mawili yametokana na uchunguzi, hayakutokana na nadharia ya chanzo. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wengi waliamini kwamba chanzo cha ugonjwa ni ukosefu wa protini, na vitabu vya shule vikaandika hivyo. Katika miaka ya 1970 imani hiyo ilipingwa vikali. Tangu hapo maelezo mengine yametolewa, na hata sumu za kuvu ziliwahi kushukiwa, lakini mjadala haujafungwa. Laiti ugonjwa ungalipewa jina rasmi la "ukosefu wa protini", istilahi ingalianguka pamoja na nadharia. Neno kwashiorkor limesalia kwa sababu halikuahidi zaidi ya kilichoonekana.

Hata hivyo jina la uchunguzi nalo lina mtego. Obwosi lilibeba imani kwamba mimba mpya ndiyo inayomdhuru mtoto aliyetangulia. Aliyeamini hivyo aliweza kutafuta tiba ya mimba na kusahau sahani ya mtoto. Kitengo cha lishe kilichoanzishwa Mulago mwaka 1965 kilikabiliana na mtego huo kwa njia ya lugha: kiliitwa Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko. Jina hilo lilihamisha fikra kutoka mimba hadi malezi. Halikuwa istilahi ya maabara, lakini lilifanya kazi ambayo istilahi ya maabara isingaliweza kuifanya.

Kwa upande wa Kiswahili, tunalo neno unyafuzi, lakini vitabu mbalimbali vimelitumia kwa magonjwa tofauti: mahali pengine kwa mtoto aliyevimba, pengine kwa mtoto aliyekonda hadi mifupa. Mwanafunzi anayesoma vitabu viwili hujifunza dhana mbili kwa jina moja. Katika hali hiyo inafaa kuendelea kutumia kwashiorkor pamoja na maelezo, hadi vyombo vya usanifishaji vitakapotoa kauli moja.

4.0 Sumukuvu: Uwazi na Mipaka Yake

Mfano wa pili ni wa mwelekeo tofauti: istilahi ya kimataifa isiyo wazi, na istilahi ya Kiswahili iliyo wazi mno.

Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao haukujulikana. Uchunguzi ulielekea kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na hatimaye sumu ikapatikana. Jina aflatoksini liliundwa kwa vipande: a- kutoka Aspergillus, -fla- kutoka flavus, yaani jina la kuvu husika, na neno la kimataifa la sumu. Aina zake kuu katika nafaka huitwa B na G kwa sababu ya rangi ya buluu au kijani inayoonekana zinapomulikwa kwa miali ya urujuanimno. Hakuna msemaji wa kawaida, wa Kiswahili au wa Kiingereza, anayeweza kukisia hayo yote kwa kulitazama neno.

Nchini Tanzania istilahi sumukuvu imeenea katika kampeni za serikali, magazeti na redio. Imeundwa kwa kuunganisha nomino mbili, sumu na kuvu, na inatimiza karibu masharti yote ya istilahi njema: ni fupi, inatamkika, inapatana na ngeli ya I-/ZI-, na msikilizaji huifahamu papo hapo. Msikilizaji wa Kampala anayeijua Kiganda ataiunganisha upesi na obukuku, jina la ukungu unaoota juu ya chakula kilichokaa.

Tatizo liko katika upesi huo. Anayesikia sumukuvu huelekea kufikia mahitimisho matatu, na yote matatu ni ya hatari. Kwanza, kwamba pasipo na kuvu inayoonekana hapana sumu. Ukweli ni kwamba kuvu inaweza kufa, kupanguswa au kusagwa na sumu ikabaki. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu inayoweza kutambuliwa na mlaji. Pili, kwamba punje zilizoota kuvu zikioshwa au zikisagwa pamoja na nyingine chakula kimepona. Kuzichambua na kuzitupa punje mbovu, zilizosinyaa au kubadilika rangi hupunguza sumu. Kuzisaga pamoja na nzuri huisambaza. Tatu, kwamba moto huondoa yote. Aflatoksini huhimili joto la upishi wa kawaida. Posho iliyoiva vizuri na mchuzi wa karanga uliochemka kwa saa nzima bado unaweza kuwa nayo. Mama anayenunua unga wa karanga katika soko la Nakawa, akiutazama na kuunusa na kuuona safi, amefanya kila kitu ambacho neno sumukuvu limemwelekeza kufanya, na bado hakulindwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hiki hata nguoni hakionekani.

Lipo tatizo jingine, la mpangilio wa dhana. Kimaumbo, sumukuvu yapasa kumaanisha sumu yoyote inayotengenezwa na kuvu. Katika matumizi mengi hata hivyo inatajwa kana kwamba ni aflatoksini pekee. Mahindi yanaweza pia kuwa na fumonisini, ambayo hutengenezwa na kuvu nyingine. Iwapo ripoti inasema "mahindi yamepimwa sumukuvu na kukutwa salama", msomaji hajui kilichopimwa. Makala hii inapendekeza sumukuvu ibaki kuwa jina la jumla la kundi zima, na aflatoksini na fumonisini ziwe majina ya wanakundi. Kutohoa si kushindwa. Ni njia ya kulinda mpaka wa dhana pale ambapo neno la asili limekwisha kujaa.

5.0 Maneno ya Kawaida Yaliyopewa Kazi Mpya

Msomaji akikutana na neno fumonisini hujua kwamba halijui, naye huuliza. Akikutana na neno hatari hauulizi. Kwa hiyo sehemu hii inashughulikia maneno yanayoonekana mepesi.

5.1 Hatari

Utafiti wa usalama wa chakula hutofautisha mambo mawili: kitu chenye uwezo wa kudhuru, na uwezekano kwamba madhara yatatokea kwa mtu fulani katika mazingira fulani. Kiswahili cha kawaida huyaita yote mawili hatari. Neno kihatarishi, lililoenea katika maandishi rasmi ya Tanzania, nalo hutumika mara kwa maana ya kwanza, mara kwa ya pili. Aflatoksini ni kitu cha kudhuru popote ilipo, hata ndani ya chupa iliyofungwa maabarani. Uwezekano wa madhara hutegemea kiasi kinacholiwa, kwa muda gani, na nani anayekula. Mpaka istilahi mbili zitakapokubaliwa, mwandishi aandike kwa urefu: "kinachoweza kudhuru" na "uwezekano wa kudhurika". Urefu ni gharama ndogo kuliko utata.

5.2 Kiwango na sehemu kwa bilioni

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi vinaruhusu aflatoksini zote kwa pamoja zisizidi sehemu 10 kwa bilioni, na aina ya B1 isizidi sehemu 5. Tarakimu hizi hazimwambii mkulima chochote mpaka zigeuzwe kuwa vitu. Sehemu moja kwa bilioni ni sawa na mikrogramu moja katika kilo moja. Gunia la kilo 100 lenye sehemu 10 kwa bilioni, basi, lina miligramu moja tu ya sumu, yaani sehemu ya elfu moja ya gramu. Zaidi ya hayo, sumu haijasambaa sawasawa gunia zima. Huweza kujikusanya katika punje chache. Ndiyo maana istilahi sampuli haimaanishi konzi iliyochotwa juu ya gunia, bali sehemu iliyochukuliwa kwa utaratibu kutoka pande na vina mbalimbali.

Jambo hili si la nadharia. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwamo la cheti kinachothibitisha kwamba kiwango hakizidi sehemu 10 kwa bilioni. Riziki ya madereva, wachuuzi na wakulima ilining'inia kwenye kipimo hicho.

5.3 Uhusiano na usababishi

Mwaka 1971 Alpert na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Uganda juu ya aflatoksini katika chakula na saratani ya ini. Sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa zilipimwa, na karibu asilimia 30 zilikutwa na sumu hiyo. Uchafuzi ulikuwa mwingi hasa katika maeneo yenye wagonjwa wengi wa saratani ya ini. Watafiti walisema wameona uhusiano. Katika Kiswahili cha nyumbani uhusiano ni udugu, ni jambo lililothibitika. Katika utafiti ni kwamba vitu viwili vinapanda na kushuka pamoja. Sababu yaweza kuwa kimoja kinakizaa kingine, au kwamba kitu cha tatu kinavizaa vyote. Wakati ule nafasi ya virusi vya homa ya ini aina B ilikuwa haijaeleweka vema. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo husababisha saratani ya ini, kwamba aflatoksini nayo huisababisha, na kwamba mtu mwenye vyote viwili yumo katika uwezekano mkubwa zaidi. Kauli ya "uhusiano" ya mwaka 1971 ilikuwa sahihi na ya kiasi. Mfasiri ambaye angaliiandika "imethibitika kwamba karanga husababisha saratani" angalikuwa ameudhulumu utafiti na mkulima pia.

5.4 Kundi la kwanza

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeziweka aflatoksini katika kundi la 1 la visababishi vya saratani. Katika kundi hilo hilo imo tumbaku, na tangu 2015 imo nyama iliyosindikwa. Msomaji aliyezoea kwamba wa kwanza darasani ndiye anayewashinda wenzake hudhani kundi la 1 ni la vitu vikali kupita vyote, na kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi huonyesha uimara wa ushahidi kwamba kitu kinaweza kusababisha saratani. Halionyeshi ni kwa kiasi gani.

5.5 Kali na sugu

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini nyingi. Huo ulikuwa usumu wa ghafla. Watu wengi zaidi hula kiasi kidogo kwa miaka mingi, na madhara huonekana baadaye. Kiswahili huuita wa kwanza "mkali" na wa pili "sugu", na maneno yote mawili yana utata. "Mkali" hueleweka kuwa mzito, ilhali dhana inayokusudiwa ni ya muda. "Sugu" hutumika pia kwa vimelea visivyosikia dawa. Pendekezo ni kusema "wa ghafla" na "wa muda mrefu", na kuliacha neno sugu kwa vimelea.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kila istilahi katika vitabu vya kiada ifasiliwe kwa hatua tatu: kitu ni nini, si nini, na kinapimwaje. Kwa mfano: "Aflatoksini ni sumu inayotengenezwa na baadhi ya kuvu katika nafaka, karanga na vyakula vinginevyo. Si kuvu yenyewe, na haionekani wala haiondolewi kwa upishi wa kawaida. Hupimwa maabarani kwa sehemu kwa bilioni."

Pili, faharasa zinazoandaliwa Uganda ziwe na safu ya lugha za nyumbani, zikionyesha si visawe tu bali pia mahali ambapo kisawe kinapotosha, kama ilivyo kwa obukuku na obwosi.

Tatu, waundaji wa istilahi wakae meza moja na wapimaji. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 ilionyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba sayansi. Kilichobaki ni kazi ya kila fani, neno kwa neno. Kilima chenye idara ya lugha, idara ya chakula na kituo cha mitaala hakina udhuru wa umbali.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba jina kwashiorkor lilidumu kwa sababu lilitaja kilichoonekana bila kudai chanzo. Kwamba sumukuvu ni istilahi njema inayohitaji kulindwa dhidi ya uwazi wake yenyewe. Na kwamba maneno tunayoyadhani mepesi ndiyo yanayohitaji fasili kwanza. Kuipa sayansi neno la Kiswahili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba mwenye gunia, mwenye chungu na mwenye mtoto mgongoni, wakilisikia neno hilo, wanajua la kufanya.